Shajara ya Mradi: Kozi ya Maandalizi ya Kijerumani kwa Wanafunzi wa Kigeni, 2024/25

Septemba 2024, wiki ya kwanza

Kozi ninayoiratibu inapokea wanafunzi wa kigeni waliokwisha kupata barua ya udahili yenye sharti kutoka chuo kikuu kimoja cha mashariki mwa Ujerumani, na sharti lenyewe ni kwamba wathibitishe kuwa Kijerumani chao kinatosha kusomea shahada. Katika lugha ya vyeti, kutosha huko kwa kawaida maana yake ni DSH-2, yaani ngazi ya pili kati ya tatu za mtihani unaoendeshwa na vyuo vikuu vyenyewe, au ngazi ya TDN 4 katika sehemu zote nne za TestDaF, mtihani mwingine wa Kijerumani cha vyuo, au cheti kingine kinachotambuliwa kuwa sawa na hivyo, kama vile telc Deutsch C1 Hochschule. Wanaingia wakiwa na cheti cha B1, ngazi ya tatu kati ya sita za kipimo cha lugha cha Ulaya, na katika mihula miwili yenye vipindi 25 vya dakika 45 kila wiki tunatakiwa kuwafikisha karibu na C1, ngazi ya tano.

Kwa miaka kadhaa kozi imefuata kitabu cha kiada sura baada ya sura, sarufi ikitangulia na mazoezi ya mtihani yakiachwa hadi wiki za mwisho, na majedwali ya matokeo yamekuwa yakionyesha jambo lile lile: wanafunzi wetu hawaangushwi na sarufi, wanaangushwa na sehemu ya kusikiliza mhadhara. Mradi wa mwaka huu ni kuipindua ratiba hiyo. Kusikiliza na kuandika dondoo kutakuwa uti wa mgongo wa kozi tangu siku za mwanzo, na sarufi itafundishwa pale kazi hiyo inapoihitaji. Ofisi imeidhinisha jaribio hili kwa mwaka mmoja wa masomo.

Ninaiandika shajara hii kwa Kiswahili, mbali na ripoti za Kijerumani ninazowasilisha ofisini, kwa sababu vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Bukavu huniandikia mara kwa mara wakitaka kujua kozi ya namna hii ina nini ndani yake, na barua za mtu mmoja mmoja hazitoshi kulieleza jambo hili kwa ukamilifu.

Septemba 2024, wiki ya nne

Upimaji wa viwango umekamilika. Cheti cha B1 kinaonyesha kwamba mtu alifaulu mtihani siku fulani, lakini hakionyeshi alivyofika hapo. Wapo waliosoma darasani kwa miaka miwili katika Goethe-Institut, taasisi ya utamaduni ya Ujerumani inayofundisha Kijerumani nchi za nje, nao wanazungumza bila woga japokuwa wanaandika kwa shida. Wapo waliojifunza peke yao kwa simu na video, wenye msamiati mpana ajabu lakini ambao hawajawahi kuandika aya nzima na kusahihishwa. Jaribio la zamani la kujaza nafasi lingewaweka wote kapu moja. Safari hii tumeongeza mhadhara wa dakika tano kuhusu uhifadhi wa chakula, uliosomwa kwa mwendo wa kawaida, na kila mmoja akatakiwa kuandika dondoo na kisha kuzitumia kumweleza mwenzake alichosikia. Tofauti zilijitokeza waziwazi, na baadhi ya waliopata alama za juu katika kujaza nafasi walirudi na karatasi yenye maneno machache yasiyohusiana.

Viti kadhaa bado ni vitupu kwa sababu wenyewe wanangojea viza. Kiwango cha fedha kinachotakiwa katika akaunti maalumu ya zuio, ambamo mwombaji wa viza huweka fedha za kujikimu za kutolewa kidogo kidogo kila mwezi, kilipanda tarehe 1 Septemba kutoka euro 11,208 hadi euro 11,904 kwa mwaka, sawa na euro 992 kwa mwezi. Familia iliyokwisha kukusanya kiasi cha zamani kabla ya maombi kuwasilishwa hujikuta ikitafuta euro 696 za ziada, na kutuma fedha hizo kutoka Afrika Mashariki huchukua muda kuliko ofisi za huku zinavyodhani. Anayefikiria kuanza Oktoba hana budi kuanza shughuli ya viza mapema sana katika mwaka, wala asingojee barua ya mwisho ndipo ashughulikie akaunti na bima.

Oktoba 2024, wiki ya pili

Masomo yameanza. Kabla ya kuingia darasani tulikaa wakufunzi wote kupitia muundo wa mtihani, maana huwezi kupanga safari bila kujua unakokwenda, na hapo ndipo ulipozuka mjadala mkali kuliko wote tuliokuwa nao hadi sasa.

Mtihani wa maandishi wa DSH una sehemu nne. Ya kwanza ni kusikiliza: matini ya mhadhara yenye herufi kati ya 5,500 na 7,000 inawasilishwa mara mbili, mtahiniwa anaruhusiwa kuandika dondoo anaposikiliza, kisha anajibu maswali. Ya pili ni kusoma, na ya tatu, inayofanywa pamoja nayo katika dakika 90, ni miundo ya lugha ya kitaaluma. Ya nne ni kuandika matini ya maneno 250 hivi kwa dakika 70 kwa kufuata maelekezo, mara nyingi kwa kuanzia na grafu au jedwali. Kusikiliza, kusoma na kuandika kila kimoja kina uzito wa mbili, ilhali miundo ya lugha ina uzito wa moja. Yaani katika mafungu saba, sarufi inayopimwa kama sarufi ina fungu moja tu.

Mkufunzi mwenzangu, mwenye uzoefu mrefu kuliko wangu, alishikilia kwamba hesabu hiyo inapotosha, kwa sababu asiyejua sarufi hataweza kusoma wala kuandika, na kwa hiyo sarufi imo katika mafungu yote saba. Hoja yake ni nzito na sikuikataa. Nilichosema ni kwamba sarufi iliyomo katika kusikiliza si ile ya kugeuza sentensi kwa utulivu ukiwa na kifutio mkononi, bali ni ile ya kutambua kwa sekunde mbili nani amefanya nini na kwa sababu gani, na uwezo huo haujengwi kwa mazoezi ya kujaza nafasi hata yawe mengi namna gani. Tulikubaliana kwamba yeye atashika miundo ya lugha siku mbili kwa wiki, kwa sharti kwamba kila muundo utokane na mhadhara tuliousikiliza wiki hiyo hiyo. Mapatano haya yameupa mradi umbo lake, na nadhani ni bora kuliko mpango niliokuwa nao mwanzoni mwa Septemba.

Novemba 2024, wiki ya tatu

Darasa limezoea mpangilio mpya, na sasa naweza kueleza ugumu ulipo. Mwanafunzi mmoja kutoka Mwanza aliueleza vizuri kuliko kitabu chochote cha mbinu za kufundishia: «Mwalimu, maneno nayasikia yote, lakini sentensi inanipita.»

Chukua sentensi ya kawaida ya mhadhara: «Die Stadt hat die im Vorjahr beschlossenen Maßnahmen zur Senkung des Wasserverbrauchs vorläufig ausgesetzt.» Msikilizaji anasikia mji, anasikia mwaka uliopita, hatua zilizoamuliwa, kupunguza matumizi ya maji, na mpaka neno la mwisho kabisa lifike hajui kama mji umezitekeleza hatua hizo, umezirefusha au umezisimamisha. Kwa mtu aliyekulia katika Kiswahili jambo hili ni geni mno. Sisi tunaposema «mji umezisimamisha kwa muda hatua zile», kitenzi kimekuja mapema, na ndani yake kimebeba mtenda, wakati na mtendwa. Kinachofuata baadaye ni maelezo ya ziada. Mwanafunzi wetu, kwa mazoea hayo, anaanza kuandika tangu neno la kwanza, mkono unashughulika na «mwaka uliopita» wakati sikio lingepaswa kuwa wazi kupokea kitenzi, na kitenzi kinapofika kinamkuta ameinama kwenye karatasi. Anabaki na nomino nyingi zisizo na tendo.

Tiba tuliyoiweka ni kuzuia kalamu. Katika usikilizaji wa kwanza mwanafunzi haruhusiwi kuandika kitu mpaka sentensi iishe, na anachoandika kisizidi maneno matatu. Anatafuta mifupa ya mhadhara tu: mada, sehemu zake, majina, tarakimu. Katika usikilizaji wa pili anatafuta mishipa inayoiunganisha mifupa hiyo, yaani sababu, matokeo, tofauti na masharti, na hapa anasaidiwa na maneno ya kuongoza ambayo mhadhiri wa Kijerumani huyatumia kwa ukarimu mkubwa: zum einen na zum anderen (kwa upande mmoja na kwa upande mwingine), hingegen (ilhali), folglich (kwa hiyo), daraus ergibt sich (kutokana na hayo). Kila mojawapo lina alama yake ya mshale au mkwaju ambayo darasa zima tumeikubali. Vifupisho vya kawaida, kama v. a. (hasa), d. h. (yaani), bzw. (au) na u. a. (miongoni mwa mengine), vinafundishwa kama msamiati wa lazima, kwa sababu vinaokoa muda na pia vimejaa katika maandishi ya vyuo.

Faida ambayo hatukuitarajia kwa kiasi hiki imeonekana upande wa sarufi. Kugeuza kishazi kuwa nomino ni miongoni mwa mazoezi yanayochukiwa zaidi katika kozi zote za C1, lakini mtu anayeandika dondoo huhitaji kufanya hivyo hivyo ili kubana maneno: «weil die Preise gestiegen sind» (kwa sababu bei zimepanda) inakuwa «Preisanstieg» (kupanda kwa bei) na mshale. Mwenzangu wa sarufi sasa anaanza somo lake kwa kukusanya dondoo za wanafunzi na kuwataka wazirudishe kuwa sentensi kamili, kisha wazibane tena. Amekiri kwamba maswali anayoulizwa mwaka huu ni ya watu wanaohitaji jibu.

Desemba 2024, wiki ya kwanza

Matamshi yana nafasi ndogo katika mtihani, ila yanaathiri kusikiliza, kwa kuwa sauti usiyoweza kuitofautisha mdomoni ni vigumu kuitofautisha sikioni. Wanafunzi kutoka Vietnam, Siria na Kameruni wana matatizo yao. Kwa wazungumzaji wa Kiswahili ni mambo mawili. Kwanza ni urefu wa irabu, ambao katika Kijerumani hubadilisha maana, kama Staat, ambayo ni dola, na Stadt, ambayo ni mji, ilhali Kiswahili kimezoea kurefusha silabi ya pili kutoka mwisho bila kujali maana. Pili ni mafungu ya konsonanti kama yale ya Herbst na Strumpf, ambayo ulimi wetu huyachomekea irabu ili kila silabi iwe wazi. Imla fupi ya dakika kumi kila asubuhi imesaidia katika yote mawili.

Jinsia za nomino, ambazo watu wengi hunilalamikia katika barua zao, zinatisha kuliko zinavyostahili. Mwenye Kiswahili tayari anajua kwamba nomino hutawala maneno yanayoizunguka, maana hakuna anayesema «kitabu wangu mkubwa amepotea». Shida ni kwamba ngeli zetu hujionyesha katika kiambishi cha mwanzo, na Kijerumani huficha jinsia mpaka uangalie mwishoni. Lakini lugha ya kitaaluma imejaa maneno yenye miisho inayotabirika: yenye -ung, -heit, -keit, -schaft na -tät ni ya kike, yenye -ismus ni ya kiume, yenye -chen hayana upande. Anayeijua miisho hiyo ameshapata sehemu kubwa ya nomino za mhadhara.

Januari 2025, wiki ya tatu

Mahudhurio yameshuka, na sababu ni kazi. Sheria iliyoanza kutumika Machi 2024 inamruhusu mwenye kibali cha masomo kufanya kazi siku 140 kamili au 280 za nusu kwa mwaka, na wanafunzi wa maandalizi wameipokea kwa furaha. Sina ugomvi na sheria hiyo. Ila mtu aliyepanga vifurushi ghalani mpaka saa nane za usiku hawezi kusikiliza mhadhara saa mbili asubuhi, na kozi ya vipindi 25 kwa wiki inadai muda kama huo huo wa kujisomea. Tumehamishia somo la kusikiliza kwenye kipindi cha pili asubuhi, na nimeongea na kila mmoja faraghani kuhusu kupunguza zamu mpaka mtihani upite.

Bima nayo inawabana. Bima ya afya ya umma kwa bei ya wanafunzi kwa kawaida humpokea mtu anapoanza shahada yenyewe, na aliye katika kozi ya lugha hulazimika kununua bima binafsi. Bima hizo hazifanani. Nyingine hazigharimii maradhi aliyokuja nayo mtu. Nawasihi wanaotuandikia wasome masharti kabla ya kuchagua iliyo rahisi.

Februari 2025, wiki ya pili

Muhula wa baridi umeisha kwa jaribio la B2, na kundi kubwa limevuka. Wachache watarudia sehemu ya kuandika.

Kwa kuwa swali hili limejitokeza tena na tena katika barua, naliweka hapa kwa ufupi. Kozi hii si Studienkolleg. Studienkolleg ni kwa wale ambao cheti chao cha sekondari hakihesabiwi kuwa kinatosha moja kwa moja kuingilia chuo kikuu cha Ujerumani. Huchukua kwa kawaida mihula miwili, hufundisha Kijerumani pamoja na masomo kama hisabati, fizikia, baiolojia au uchumi kulingana na shahada inayokusudiwa, huwa na mtihani wa kuingilia, na huishia kwenye mtihani uitwao Feststellungsprüfung. Makundi yake yana herufi: T kwa uhandisi na sayansi, M kwa tiba na baiolojia, W kwa uchumi, G kwa fani za jamii na sanaa. Kozi yetu ni kwa wale ambao vyeti vyao vimekwisha kukubaliwa na kilichobaki ni lugha tu. Anayeomba kozi ya lugha wakati anahitaji Studienkolleg atapoteza mwaka na fedha, kwa hiyo jambo la kwanza kuulizia katika ofisi ya udahili ni cheti, kisha ndipo lugha.

Machi 2025, wiki ya tatu

Likizo ya wanafunzi ni msimu wa kazi kwetu. Tunakusanya mihadhara ya muhula wa pili, na tumeamua kwamba itoke kwa wahadhiri wa chuo hiki hiki badala ya kaseti za vitabu. Mhadhiri halisi hukohoa, hurudi nyuma, hutania na kumaliza sentensi kwa namna tofauti na alivyoianza. Wahadhiri wanne wa kilimo, uhandisi, uchumi na elimu ya jamii wamekubali kurekodiwa kwa dakika 15 kila mmoja, wakiwaeleza watu wasio wa fani yao.

Wazo la kuifungamanisha lugha na fani si jipya, na katika sehemu hii ya Ujerumani lina historia inayotuhusu. Mwaka 1951 wanafunzi 11 kutoka Nigeria walifika Leipzig kusoma katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki, na mwaka 1956 ikaanzishwa huko taasisi ya kuwaandaa wanafunzi wa kigeni ambayo mwaka 1961 ilipewa jina la Herder-Institut. Maelfu ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini walipitia hapo kabla ya kutawanyika katika vyuo vya nchi hiyo, wakiwamo Wazanzibari baada ya Mapinduzi ya 1964, Zanzibar ilipofungua uhusiano na serikali ya Berlin Mashariki. Mwanafunzi aliyekwenda kusomea udaktari alikutana mapema na maneno ya kemia na baiolojia. Siasa za mpango ule ni jambo jingine, lakini upande wa ufundishaji walikuwa wameshaona kwamba Kijerumani cha dukani hakimfikishi mtu maabara, na kozi nyingi za leo, zinazouza kitabu kimoja kwa watu wote, zimelisahau jambo hilo.

Aprili 2025, wiki ya nne

Muhula wa kiangazi umeanza vizuri na sasa uzito umehamia kwenye kuandika. Mwanafunzi anapewa, kwa mfano, grafu ya matumizi ya nishati katika nyumba, anatakiwa aieleze kwa aya moja, alinganishe, kisha ajadili hoja mbili zinazopingana na kutoa msimamo wake.

Mitandaoni kumejaa orodha za sentensi zilizopikwa tayari kwa ajili ya kazi hii, na wengi wamezikariri. Mimi nazikataza, na katika hili sitetereki. Msahihishaji aliyesoma karatasi arobaini anaitambua sentensi ya kukariri kwa mtazamo mmoja, hasa inapofuatwa na sentensi ya mtahiniwa mwenyewe iliyo ngazi mbili chini yake, na tena orodha hizo humfanya mwandishi atumie maneno hamsini kusema kwamba grafu ni grafu. Tunachofundisha badala yake ni kuchagua. Katika tarakimu ishirini za jedwali, ni tatu au nne tu zinazohitajika na hoja, na mwanafunzi anapaswa aweze kumweleza mwenzake kwa nini amechagua hizo. Waliozoea kuandika dondoo tangu Oktoba wameshika jambo hili upesi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu kuchagua ndiyo kazi waliyokuwa wakiifanya siku zote. Waliojiunga Februari wanahangaika zaidi, ingawa sarufi yao haina tofauti kubwa na ya wenzao.

Mei 2025, wiki ya tatu

Maandalizi ya mtihani wa mdomo. Hauzidi dakika 20: mtahiniwa anapewa matini fupi au mchoro, anaeleza kwa muda mfupi, kisha anazungumza na watahini.

Wanafunzi kutoka Afrika Mashariki wanapata shida ambayo haionekani kwenye orodha ya makosa. Wamelelewa kuamini kwamba mbele ya mtu mzima na mwenye cheo unasikiliza, unaitikia, na huna haja ya kumpinga. Mtahini anapotoa kauli ya uchokozi ili kuona kama mtahiniwa anaweza kujenga hoja, wao hukubali kwa adabu, na mazungumzo yanaishia hapo. Kwenye fomu ya tathmini huandikwa kwamba hana mwitikio. Bado hunisalimu «Shikamoo, mwalimu» tukikutana ukumbini, nami huitikia «Marahaba» kwa moyo mkunjufu, lakini darasani tumefanya zoezi la wazi la kumpinga mwalimu kwa kutumia Sie, yaani «wewe» ya heshima, na maneno ya adabu: kukubali sehemu ya hoja, kuonyesha mpaka wake, kisha kuleta mfano. Binti mmoja wa Nairobi aliyekaa kimya tangu Oktoba alinibomolea hoja yangu kuhusu usafiri wa bure mijini kwa utulivu kamili, akitoa mfano wa matatu na jinsi nauli zake zinavyopanda mvua inaponyesha. Darasa lilicheka, na hoja ilikuwa sahihi.

Kwa wanaopanga kufanya TestDaF badala ya DSH, hali ni tofauti: hapo mtu huzungumza na kompyuta kwa muda uliopangwa, hakuna uso wa kusoma wala wa kuogopa. Wenye haya kupita kiasi huenda wakauona kuwa nafuu, lakini wasiozoea kuongea na mashine wajizoeze kwanza kwa simu na saa.

Juni 2025, wiki ya nne

DSH imefanyika. DSH-1 inaanzia asilimia 57, DSH-2 asilimia 67 na DSH-3 asilimia 82, na kiwango hicho lazima kifikiwe katika maandishi na katika mdomo kila upande peke yake, kwa hiyo mwenye 80 za maandishi na 60 za mdomo anaondoka na DSH-1. Ni vizuri jambo hili lijulikane mapema, maana kila mwaka kuna anayedhani kwamba wastani utamwokoa.

Mada ya kusikiliza ilikuwa usingizi na kumbukumbu. Nilizipitia karatasi za dondoo baada ya usahihishaji. Karibu zote zina mishale, zina vifupisho, na vitenzi vimo. Kundi zima limepanda katika kusikiliza likilinganishwa na makundi ya miaka ya nyuma, na walioshindwa kufikia DSH-2 mwaka huu wameangukia zaidi kwenye kusoma, ambako muda haukuwatosha. Hilo ni badiliko la kweli, na pia ni deni, kwani muda tuliouongeza kwenye kusikiliza ulitoka mahali, na sehemu yake ilitoka kwenye vipindi vya kusoma matini ndefu. Miundo ya lugha haikushuka. Mwenzangu wa sarufi alikuwa wa kwanza kulitaja hilo kikaoni.

Julai 2025, wiki ya pili

Wiki hii ni ya makaratasi. Maombi ya muhula wa baridi hufungwa tarehe 15 Julai kwa kozi nyingi, na wanafunzi ambao udahili wao wa masharti haujirefushi wenyewe wanalazimika kuomba upya, wengi wao kupitia uni-assist, ofisi iliyoko Berlin inayokagua maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo vingi, ambayo hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza na euro 30 kwa kila ombi jingine la muhula huo huo. Vyeti vyote vya DSH vilitolewa mapema ili viambatishwe. Wawili wanaohitaji kurudia watafanya mtihani wa Septemba, kabla ya mihadhara ya Oktoba kuanza, na nimewapangia wiki sita za kusoma matini ndefu kila siku kwa saa ukutani.

Ofisi imekubali mpangilio mpya uendelee, pamoja na mabadiliko matatu. Usomaji unarudishiwa kipindi kimoja kila siku ya Alhamisi, kwa matini zenye mada ile ile ya mhadhara wa wiki, ili msamiati utumike mara mbili. Wanaojiunga katikati ya mwaka watapewa wiki mbili za dondoo kabla ya kuchanganywa na wenzao. Mhadhara wa upimaji utakuwa wa dakika nane badala ya tano, na mhadhiri wa kilimo ameahidi kuurekodi upya kabla ya mwisho wa Agosti. Barua za kuwaita wanafunzi wapya zimetumwa jana, zikiwa na kiasi cha akaunti ya zuio, masharti ya bima na orodha ya nyaraka, na nakala ya maelezo hayo kwa Kiswahili nimeiambatisha kwa waliotoka kwetu.